Shoga, ritifaa imeniumbua

Shoga yangu Rehema,

Za siku nyingi, za Bayreuth, za hiyo baridi yenu. Najua, nilisema nitaandika baada ya Idi na Idi yenyewe watu wameshaisahau, usininune. Huku wazima, mama yuko na presha yake ileile, watoto wanakusalimu, Mama Upendo kahamia Kimara kweli kama alivyokuwa anatishia. Salamu tumemaliza. Nina kitu kimenikaa kooni tangu wiki iliyopita na hapa kazini sina wa kumwambia, watanicheka mpaka likizo.

Ni habari ya Mwalimu, yule mzee wetu wa fonolojia, somo la sauti za lugha.

Si unajua kitengo chetu ndio kinaendesha zile semina za walimu wa chuo, Moodle, ule mfumo wa kufundishia mtandaoni, na vikorokoro vyake. Zamani tulikuwa tunabembeleza watu waje. Unakumbuka 2020 vyuo vilipofungwa Machi mpaka Juni mosi, kila mtu ananipigia saa nne usiku nimpandishie notsi zake, Mwalimu peke yake akasema yeye anaisubiri chaki yake, haina paswedi. Basi safari hii kaja mwenyewe! Siku mbili zote, kiti cha mbele, miwani imefungwa kamba, na lile daftari kubwa la kaunta anaandika kila ninachosema, nimechungulia nikakuta "bonyeza kile kidude kama gia". Wenzake vijana wanasaini mahudhurio, wanakunywa chai, wanapotea. Tena wengine walinuna kabisa, wamesikia dola milioni 425 za HEET, ule mradi wa vyuo vikuu, wakadhani na semina yetu itakuwa na posho nene, kumbe sisi ni chai na chapati mbili, ya tatu umwombe yule mama vizuri.

Sasa siku ya pili, mchana, nafundisha kutunga kwizi, aina ile ya jibu fupi ambayo mwanafunzi anaandika neno na mashine inasahihisha yenyewe. Nimebakiza mada tano na projekta imeshaanza kuchemka. Mwalimu kanyoosha mkono. "Binti, na ritifaa je, kile kialama cha juu cha ng'? Mwanafunzi akiandika ng'oa kwa simu, mashine itaielewa?" Mimi huku naangalia saa nikamjibu haina shida Mwalimu, ataandika tu kama kawaida. Nikaenda mada nyingine. Hata sikujaribu, Rehema! Ilikuwa dakika moja tu kujaribu.

Baada ya wiki mbili kawapa mwaka wa kwanza kwizi ya fonolojia, maswali kumi na tano, karibu yote ya maneno yenye ng' maana unamjua. Watoto kama thelathini wakapata sifuri kwenye majibu sahihi. Neno ni lilelile, ukilisoma kwenye skrini ni ng'oa, mashine inakwambia kosa. Wakaandamana mpaka mlangoni kwake, kiongozi wa darasa kabeba simu juu kama mwenge.

Akaja ofisini kwangu, hakupiga simu, kaja na daftari. Nikafungua, nikakuza maandishi mpaka neno moja likajaa skrini nzima, jibu lake juu, la mwanafunzi chini. Mwalimu akasogeza uso karibu na kioo mpaka pua inataka kugusa. Akanyamaza. Halafu akasema, "Huyu kasimama, huyu kainama." Ndio hivyo tu shoga! Kompyuta ya ofisini inatoa ritifaa iliyosimama wima, simu nyingine zinaipinda zenyewe bila kuulizwa kama koma iliyopanda juu ya mti, na kwa mashine hizo ni herufi mbili tofauti kabisa, kama a na b. Mimi nafundisha hiyo Moodle mwaka wa sita huu. Na najua fika kwamba jibu fupi linalinganisha herufi kwa herufi, nawaambia watu kila semina, lakini nilikuwa nawaza herufi kubwa na ndogo tu.

Ngoja, aibu haijaisha. Nikajitia ujuaji, nikamwambia Mwalimu dawa ipo, tunaweka kinyota mahali pa ritifaa, ng*oa, kinyota kinakubali chochote. Akaniangalia juu ya miwani, unaijua ile. "Chochote?" Chochote Mwalimu. "Hata pasipo na kitu?" Ndiyo. "Kwa hiyo mashine yako itampa maksi anayeng'oa muhogo na anayelia ngoa sawasawa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kwizi nzima alitunga kupima hichohicho, nani anasikia tofauti ya ng na ng', na mimi mtaalamu nataka kuifuta kwa kinyota kimoja! Ikabidi tukae, swali moja moja, tunaingiza jibu la ritifaa iliyosimama, la iliyoinama, na la ile iliyogeukia upande wa pili maana kuna mtoto alikuwa nayo hiyo Mungu ndiye anajua simu yake ya wapi, mara kumi na tano, yeye anasoma mimi nachapa, mpaka adhana ya magharibi. Nikaamuru mashine isahihishe upya, maksi zikapanda. Akafunga daftari, akasema asante. Yuko mlangoni ndio akageuka: "Nilikuuliza siku ile." Hakuwa na hasira hata kidogo. Bora angenifokea.

Juzi nimempelekea barua ya semina ya Oktoba, kasema hapana, yeye amebakiza miaka miwili, atamaliza na chaki. Na wakubwa wameniletea ratiba ileile, siku mbili, mada kumi na saba, nimehesabu, wameongeza na akili mnemba dakika arobaini kabla ya chakula. Dakika arobaini za kuwafundisha watu kukamata kazi za kuandikiwa na mashine! Wakati wenyewe OpenAI, wenye ChatGPT, walikitoa hewani hicho chombo chao cha kukamatia Julai 2023 kwa kushindwa kukamata vizuri. Halafu mtu atoke pale akamfukuzishe mtoto wa watu chuo... haya hilo tuliache, nitaandika mpaka asubuhi.

Mimi ninavyotaka ni kila mwalimu aje na swali lake moja la mtihani, la kweli, tulichape tuone linavunjikia wapi. Watu wanane, Jumatano jioni, mlango umefungwa, maana nimegundua wazee wengi hawaogopi kompyuta, wanaogopa kuulizia kidude cha gia mbele ya kijana waliyemfelisha. Bosi anasema bila posho hatakuja mtu Jumatano. Labda kweli. Lakini Mwalimu alikuja bila posho, na huyohuyo ndiye niliyemjibu hovyo.

Sasa nakuomba, mpigie. Wewe ndiye pekee uliyemchekesha kwenye viva, ule mtihani wa mdomo, kwako hakatai. Usimwambie nimekutuma. Mwambie tu umesikia habari za ritifaa, atakueleza mwenyewe kwa nusu saa, halafu uone kama anaweza kuja hizo Jumatano, hata aje kunisuta tu.

Utampigia lini? Hivi nyie huko mnafundishwaje hivi vitu, mnakusanywa ukumbini au mtu anakufuata ofisini? Wanafunzi wako Wajerumani hiyo ng' wanaiweza au wanaitafuna? Unga wa muhogo ulifika au forodha wameupikia ugali? Unarudi Desemba kweli au ndio maneno yaleyale? Na ukinijibu jibu kwa ile simu yako mpya, uniandikie neno ng'oa mara moja tu, nione yako inasimama au inainama.

Wako,
Tatu