Mwenye duka Mwanjelwa, hati yako ya bima inasema milioni ngapi?

Ndugu Mhariri,

Soko la SIDO Mwanjelwa, hapa Mbeya, limeshaungua zaidi ya mara moja, na kila moto ukizimika lawama ni ileile: kampuni za bima zinalipa nusu. Zipo zinazozungusha watu, sikatai. Lakini mara nyingi hiyo nusu ilishaandikwa kwenye hati tangu siku bima inakatwa.

Wafanyabiashara wengi hukatiwa bima na benki wanapochukua mkopo. Benki inalinda fedha zake: mkopo ukiwa milioni 20, bima nayo huandikwa milioni 20, hata kama dukani mna mzigo wa milioni 50. Sasa moto ukila mzigo wa milioni 15, usitegemee milioni 15. Hati za bima ya moto kwa kawaida zina kipengele cha uwiano: ukikatia bima sehemu tu ya thamani ya mzigo, unalipwa sehemu hiyohiyo ya hasara. Milioni 20 kwa 50 ni asilimia 40, hivyo fidia ni milioni 6. Toa hapo kiasi ambacho hati inakutaka ubebe mwenyewe. Kinachobaki hupitia benki kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa mnufaika.

Omba nakala ya hati yenyewe. Stakabadhi ya malipo haitoshi. Tazama thamani iliyoandikwa na matumizi ya chumba. Duka la nguo likianza kuuza mitungi ya gesi, iarifu kampuni kwa maandishi, maana ukinyamaza umewapa sababu ya kukataa dai. Mzigo ukiongezeka kuelekea Krismasi, omba thamani ipandishwe na ulipe nyongeza ya ada.

Halafu kuna daftari la mzigo na risiti za manunuzi. Watu huziweka chini ya kaunta, zikateketea pamoja na bidhaa, na mkadiriaji hasara akabaki hana cha kupimia. Zipige picha kila wiki, uzitume kwenye simu ya mtu wa nyumbani.

Moto ukitokea, toa taarifa polisi, zimamoto na kwa kampuni siku hiyohiyo, na usizoe mabaki kabla mkadiriaji hajapita. Ukiletewa hati ya kukubali malipo na kiasi hukiafiki, usisaini. Sahihi hufunga dai. Andika pingamizi kwa kampuni kwanza, ukieleza hesabu yako. Wakikaa kimya au wakikataa, peleka lalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na nakala ya hati na barua zote mlizoandikiana.

Mdau wa bima,
Mbeya