Usinunue pampu, somo

Langoni, Lamu

Somo yangu,

Assalamu alaikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Wazee wanakusalimu, na mama anauliza kama huko unapata wali au unashindia mikate. Kaskazi imeshika, majahazi yanateremka vizuri, na joto la mchana ni la kulala sakafuni. Basi fikiria mimi niko na kikoi na fulana, na swali lako ni la hita ya kupasha moto gereji huko Minnesota! Lakini mashine ya mafuta ni mashine ya mafuta tu. Ikisumbua boti ya Mokowe au ikisumbua kwako, tabia zake ni hizo hizo.

Umesema inawaka vizuri, inanguruma dakika mbili tatu, kisha moto unalegea na kuwa wa manjano, moshi mweupe unaowasha macho unatoka, halafu inajizima na taa inapepesa. Na fundi ameshakukatia shauri kwamba pampu imekufa, kwa bei inayokaribia hita mpya. Usimpe pesa bado. Sisemi ni mwongo, ila ameanzia mwisho.

Mimi nimeshika neno moja katika maelezo yako: moto unalegea kwanza, ndipo inazima. Hita hizo zina kijicho kinachoutazama moto. Kisipouona, kinakata kila kitu ili mafuta yasiendelee kumwagika ndani. Kijicho kikipata masizi, hita huzimwa ghafla huku moto ungali mkali na mzuri. Hapo unapangusa kwa kitambaa laini na kazi imekwisha. Yako si hiyo. Moto ukinyauka kabla, kijicho kimefanya kazi yake sawasawa, na wewe urudi kwenye mafuta.

Sikiza jinsi inavyofanya kazi, maana watu wengi hukosea hapa. Ile pampu haisukumi mafuta, inasukuma hewa. Mota moja inazungusha feni, na nyuma yake inazungusha pampu ndogo ya hewa. Hewa ile inapita kwa kasi kwenye nozeli, kile kimdomo chenye tundu jembamba, na kwa kupita kwake inayavuta mafuta kutoka tangini chini, mfano wa mtu anayenyonya dafu kwa mrija. Yakifika juu yanapasuliwa kuwa ukungu, cheche inayadaka. Mrija wa dafu ukiwa na ufa, utanyonya mpaka mashavu yaume na hupati kitu, na mapafu yako ni mazima. Sasa umeelewa kwa nini sitaki uguse pampu.

Anza na chupa. Chomoa umeme, iache hita ipoe kabisa. Chukua mpira mwembamba wa kufyonzea, uteremshe mpaka chini kabisa ya tangi, pembeni kwenye kona. Usichote ya juu, ya juu siku zote yanapendeza. Jaza chupa ya jemu ya kioo, iliyokauka, uiweke dirishani kama robo saa bila kuitikisa. Kisha iinamishe taratibu uitazame kwa chini. Maji ni mazito kuliko mafuta ya taa: lita ya maji ni kilo moja, ya mafuta ya taa ni kama gramu 800. Kwa hivyo kama yamo, yatakuwa yamelala chini na mstari utauona. Yakiwa machache utaona matone ya mviringo yanayokimbizana kwenye kitako cha chupa na hayataki kuchanganyika. Mimi natazamia utayaona. Gereji yako inapashwa moto mchana, usiku inaachwa kwenye baridi, na wewe mwenyewe umesema hulijazi tangi. Ile nafasi tupu ya juu ni hewa yenye unyevu. Baridi ikiingia, unyevu unashika kuta za tangi na kuteremka. Huku kwetu maji ya namna hiyo tunayakuta kwenye madumu ya mafuta yanayokaa nje. Tofauti ni kwamba huko kwenu yanaganda. Barafu kidogo tu kwenye filta inaziba njia, hita inakataa asubuhi. Mchana ikayeyuka, inawaka kana kwamba haikuwa na neno. Ndiyo maana fundi akija inambadilikia.

Tazama na rangi pia. Mafuta ya taa mazuri ya huko, yale wanayoyaita 1-K, yako wazi hayana rangi, na salfa yake haizidi asilimia 0.04. Yakiwa ya manjano na yana harufu kali ya vanishi, yamekaa tangu baridi iliyopita, hayo usiyatie tena. Mekundu ni yaliyotiwa rangi kwa mambo ya ushuru, na watengenezaji wa hita hizi hawayapendi. Kama umeyachanganya na dizeli kupunguza gharama (nakujua), hita nyingi zitayachoma, lakini kwa moshi na harufu, na katika baridi yenu dizeli inafanya nta na kuziba filta. Na huko si peke yenu. Kenya hapa watu walikuwa wakitia mafuta ya taa kwenye dizeli kwa vile yalikuwa rahisi, mpaka mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kuwakomesha. Anayeumia ni bibi mwenye jiko la utambi.

Ukikuta maji au uchafu, mwaga yote, suuza tangi kwa mafuta ya taa mapya, si kwa maji wala sabuni. Badilisha filta, ni kitu cha bei ndogo. Upapase mpira wa mafuta urefu wake wote, uukunje kidogo kidogo kutafuta nyufa, hasa pale unapoingia kwenye kiungio.

Kisha fanya jaribio hili: jaza tangi mpaka juu, iwashe, uone. Ikiwaka vizuri tangi likiwa limejaa na kulegea likifika nusu, basi mvuto ni dhaifu, maana mafuta yakishuka inabidi yapandishwe mbali zaidi. Hapo kuna hewa inayoingia mahali, au nozeli ina uchafu, au presha ya hewa ni ndogo. Nozeli itoe uioshe kwa mafuta ya taa, uipulize kwa hewa ya kompresa. Sindano usitie! Najua majiko yetu ya pampu tulikuwa tunayachokonoa, lakini yale yalikuja na sindano yake. Tundu hili ukilikwaruza, ukungu unakuwa matone, na moshi hautakwisha. Ile pete ndogo ya mpira ya nozeli iangalie pia kama imekauka.

Haya yote yakishindikana, ndipo uende kwenye pampu, na hata hapo uanze na filta zake za hewa, kisha geji. Kipimo cha presha hutofautiana kwa ukubwa wa hita, kimeandikwa kwenye kitabu chake. Skrubu ya kurekebishia ukiizungusha, iwe kidogo kidogo. Presha ikizidi, moto utatokeza mbele ya mdomo. Na usitie oili ndani ya pampu hata ikipiga kelele: vile vibao vyake vya kaboni vinavyozunguka ndani vinanasa.

La petroli sitaki mjadala. Dumu la buluu ndilo la mafuta ya taa huko, jekundu ni la petroli; lililowahi kubeba petroli lisiguse tangi lile kamwe. Usijaze hita ikiwa ya moto. Na mlango uache wazi kiasi, hata ukiona uchungu wa joto lako kwenda nje. Ile gesi ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu wala haionekani. Kichwa kikianza kuuma, toka nje kwanza, ya hita baadaye.

Nitumie picha ya chupa, iwe ya upande na ya kitako, na uniandikie namba iliyo kwenye kibandiko cha hita. Na kama kuna mtu anakuja huku kwenye Maulidi, mpe geji moja ya presha ya chini. Hapa Langoni sijaipata, na za Mombasa ni za matairi.

Wasalimie watoto na mama yao.

Wako,
Somo