Yah: Malalamiko kuhusu dawa yenu ya kutu na maelezo yaliyoandikwa kwenye kopo

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja
Nakala: Mkuu wa Maabara ya Ubora wa Bidhaa

Ndugu Meneja,

Hii ni barua yangu ya nne kwenu. Tatu za kwanza zilikuwa fupi, na nahisi ufupi wake ndio uliofanya zijibiwe kwa mkato au zisijibiwe kabisa. Safari hii naeleza jambo zima tangu mwanzo. Namba ya toleo la kopo nimeiambatanisha, pamoja na picha za lebo pande zote, picha za gari, na vipande vitatu vya bati ambavyo nitavieleza baadaye.

Mimi si fundi wa magari. Riziki yangu inatoka kwingine, na pikapu hii naishughulikia nyumbani jioni na siku za mapumziko. Ilikuwa ya marehemu baba. Ilikaa miaka 11 bila kuwashwa, matairi yamelala, majani makavu yamejaa kati ya kebini na bodi ya nyuma, maji ya mvua yakituama ndani ya milango kwa sababu matundu ya kutolea maji yalikuwa yameziba kwa udongo. Nilipoamua kuifufua sikuwa na mwalimu ila maandishi: kitabu cha gari lenyewe, na maelezo yaliyo kwenye makopo na vifurushi vya vitu nilivyonunua. Naomba mlishike hilo, kwa kuwa malalamiko yangu yote yanasimama hapo. Fundi mzoefu akikuta lebo yenye kasoro huirekebisha kichwani mwake na kuendelea na kazi. Mtu kama mimi huitii.

Lebo yenu inasema mambo matatu kwa herufi kubwa. La kwanza, kwamba dawa hupakwa moja kwa moja juu ya kutu, hakuna haja ya kusugua. La pili, kwamba ikipita saa 1 unaweza kupaka rangi ya aina yoyote juu yake. La tatu, kwamba dawa "hurudishia chuma nguvu yake". Chini ya maneno hayo mmechora chasisi ya gari, nusu yake kahawia na nusu nyeusi inayong'aa.

Nilifuata kama ilivyoandikwa. Niliosha matope, nikaacha gari likauke, nikapaka dawa kwenye vizingiti vya milango, pembe za chini za kebini, madigadi zote mbili, sakafu, na mwisho chasisi kutoka mbele hadi nyuma. Makopo 6 yaliisha. Kutu iligeuka nyeusi yenye ubuluu mbele ya macho yangu, na jioni ile nilifurahi kiasi cha kumwita mama atoke nje aone. Saa moja ilipopita nikapaka praima ya epoksi, yaani rangi ya chini ya kushikishia rangi ya juu, na siku iliyofuata rangi yenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu baba afariki, gari lilionekana kama lilivyokuwa.

Malengelenge ya kwanza yalitokea mwezi wa 5, chini ya mlango wa dereva. Mwezi wa 7 yalikuwa yamezunguka kizingiti chote. Nilichoma moja kwa ncha ya kisu, likatoa tone la maji ya rangi ya kahawia. Nilipoinua rangi, praima ilibanduka nayo kama ganda, na upande wake wa ndani ulikuwa unanata, haujakauka sawasawa. Chini yake palikuwa na ngozi nyembamba nyeusi, na chini ya ngozi hiyo kutu ile ile ya zamani, nene, ya magamba, imekaa juu ya bati kana kwamba hakuna aliyeigusa.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma na kuuliza mafundi, na niliyojifunza ndiyo ninayowaletea. Mnayajua kuliko mimi, lakini hayapo kwenye kopo.

Dawa yenu, kwa mujibu wa maandishi madogo yaliyo chini ya kopo, ina tanini na asidi ya fosforiki. Tanini hushikana na kutu na kuifanya ule weusi wenye ubuluu. Asidi huigeuza kuwa fosfeti ya chuma. Vyote viwili hufanya kazi pale vinapofika tu. Kutu changa, nyembamba, iliyoshika kwenye bati, dawa huipenya. Kutu ya magamba iliyolimbikizana kwa miaka 11 haipenyi hadi chini: inageuza tabaka la juu na kuiacha iliyobaki ikiwa na unyevu na hewa ndani yake. Kutu ni kitu chenye vinyweleo. Hunywa maji, na huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana ikiendelea chini ya rangi huisukuma rangi juu. Yale malengelenge yalikuwa hayaepukiki tangu siku niliyoacha kusugua, na niliacha kusugua kwa sababu ninyi mliniambia hakuna haja.

Kuhusu ile saa 1, asidi ambayo haijapata kutu ya kufanyia kazi hubaki juu ya bati. Praima ya epoksi hukauka kwa kuchanganywa na kigumishi, na vigumishi vingi vya epoksi vina asili ya alkali, yaani kinyume cha asidi. Asidi iliyobaki huvidhoofisha pale pale praima inapogusana na bati, mahali ambapo ndipo inapotakiwa kushika kuliko kwingine kote. Ndiyo maana ya ule unato niliouona. Mafundi wawili wa rangi niliowauliza, kila mmoja kwa wakati wake, walinipa jibu moja: dawa ya asidi ikishapakwa huachwa ikauke kabisa, mabaki yake huoshwa au kusuguliwa, bati hukaushwa, ndipo praima ifuate. Wala si kila praima inafaa. Ninyi mmeandika "rangi ya aina yoyote".

Sikutaka kutegemea maneno ya watu tu. Nilikata vipande vitatu kutoka madigadi moja ya zamani, vyote vikiwa na kutu ya kiwango kimoja. Cha kwanza nilikifanyia kama lebo inavyosema, hatua kwa hatua. Cha pili nilikisugua kwa brashi ya waya kwenye grenda hadi magamba yote yakatoka ikabaki kutu ngumu iliyojificha kwenye vishimo; nikapaka dawa, nikaiacha siku nzima, nikaosha kwa maji, nikakausha kwa joto, nikapaka praima. Cha tatu sikukipaka dawa yenu kabisa: nilikisugua kikawa cheupe, nikapaka praima siku hiyo hiyo kabla hakijaanza kushika kutu upya. Nikavining'iniza nje kwa miezi 4, mvua na jua.

Vipande hivyo vimo kwenye kifurushi. Cha kwanza kimejaa malengelenge. Cha pili ni kizima isipokuwa kwenye kingo, ambako pengine sikuosha vizuri. Cha tatu ni kizima. Naomba mtu wa maabara avitazame hivi vya kwanza viwili akiviweka kando kwa kando, kwa sababu vimepakwa dawa kutoka kopo lile lile. Kwa hiyo dawa yenyewe siilalamikii. Ikitumiwa inavyostahili, inafaa, hasa kwenye vishimo ambavyo brashi haifiki. Ninacholalamikia ni maneno mliyoyabandika juu yake.

Laiti suala lingekuwa rangi tu, ningelimeza hasara na kuanza upya. Kilichonifanya niandike barua ndefu namna hii ni chasisi.

Nilipompelekea fundi wa kuchomelea ili anibadilishie vizingiti, aliinama chini ya gari na kuuliza nani aliipaka chasisi rangi nyeusi. Nikamwambia ni dawa ya kutu. Hakusema kitu. Alichukua nyundo yenye ncha akaanza kugonga taratibu kutoka mbele kuelekea nyuma, huku akisikiliza. Sehemu kubwa ililia mlio mkali wa chuma kizima. Alipofika kwenye kishikio cha springi ya nyuma, upande wa kushoto, mlio ukawa mzito kama wa mbao, na pigo lililofuata nyundo ikazama ndani. Tundu la kupitisha vidole vitatu. Tulipokata kipande kile tukapima ukuta wake kwa kipimo cha milimita. Sehemu nzima ilikuwa milimita 3. Pale pa tundu haikufika 1, iliyobaki yote ilikuwa kutu, nyeusi kwa nje na kahawia kwa ndani, imejaa kwenye ule mfereji wa chasisi ambamo matope hukaa bila kukauka.

Springi ya nyuma ndiyo inayobeba mzigo wa pikapu. Wiki moja kabla ya siku hiyo nilikuwa nimepakia mchanga nyuma, na mpwa wangu wa miaka 9 alikuwa amekaa mbele nami. Kishikio kile kingeng'oka barabarani, ekseli ingehama upande mmoja na gari lisingefuata usukani. Silisemi hili kwa kutia chumvi. Fundi alinionyesha kwa mkono jinsi bolti ilivyokuwa imeanza kuvuta.

Sasa rudini kwenye sentensi yenu ya tatu. Hakuna dawa inayorudishia chuma nguvu yake. Chuma kikishakuwa kutu kimekwenda. Unaweza kuizuia kutu isiendelee, unaweza kuigeuza iwe kitu kisichokula zaidi, lakini unene uliopotea haurudi ila kwa kukata sehemu iliyooza na kuchomelea chuma kipya. Mkiandika kwamba nguvu inarudi, na kando yake mkachora chasisi, mnamwambia mtu asiyejua kwamba hana haja ya kugonga, kupima, wala kumwita fundi. Mimi nilikuwa mtu huyo. Baya zaidi, ule weusi mzuri wa dawa ulificha kile ambacho jicho lingekiona: kabla ya kupaka, magamba yale yalikuwa yakidondoka chini kila nikipita, na ningeendelea kuyaona huenda ningeshtuka mwenyewe.

Mlivyonijibu hadi leo ni hivi. Barua ya kwanza mliomba namba ya toleo, nikawapa. Ya pili mkasema bidhaa "imekusudiwa watumiaji wenye ujuzi wa kitaalamu" na kwamba matokeo hutegemea maandalizi ya uso wa chuma. Ya tatu hamkuijibu. Jibu la pili liliniumiza kuliko malengelenge. Upande wa mbele wa kopo, juu kabisa, mmeandika: "Rahisi kwa yeyote, nyumbani." Mkiuza, mimi ni yeyote nyumbani. Nikilalamika, nimekuwa mtu asiye na ujuzi. Na kama matokeo hutegemea maandalizi, maandalizi hayo yaandikwe kwenye kopo. Hayana maana yakiandikwa kwenye barua ya kujitetea mwaka mmoja baadaye.

Jambo jingine dogo, nisilisahau: hakuna mahali mlipotaja glavu wala miwani ya kukinga macho, na hii ni asidi inayopakwa na mtu aliyelala chali chini ya gari. Tone moja lilinidondokea shavuni. Niliosha haraka, hapakuwa na madhara. Lingeweza kuwa jicho.

Naomba haya. Nirudishiwe gharama ya makopo 6, risiti ipo. Gharama za praima, rangi na kuchomelea sizidai, ingawa nina haki ya kuzidai, kwa sababu ninachokitaka zaidi ni hicho kinachofuata. Maneno "hurudishia chuma nguvu yake" yaondolewe, na mchoro wa chasisi uondoke nayo. Mahali pake paandikwe kwa herufi za ukubwa ule ule kwamba sehemu zinazobeba uzito zigongwe na kukaguliwa kwanza, na zilizooza zikatwe. Iandikwe kwamba magamba lazima yatolewe hadi kutu ngumu, muda halisi wa kusubiri kabla ya praima, namna ya kuosha mabaki, na aina za praima zinazopatana na dawa. Iandikwe pia isipakwe chuma kikiwa na umande au hewa ikiwa nzito kwa unyevu; kanuni inayofuatwa na wapaka rangi wa vyuma ni kwamba bati liwe angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya joto ambalo umande huanza kutua, na hilo linaweza kuelezwa kwa lugha nyepesi. Kwa wale ambao tayari wana makopo haya nyumbani, toeni tangazo.

Naomba pia maabara inijibu kwa maandishi swali moja: je, kuna jaribio lolote mlilolifanya linaloonyesha chuma kimepata nguvu baada ya kupakwa dawa hii? Kama lipo, nitumieni. Kama halipo, nielezeni nani aliidhinisha sentensi ile.

Nasubiri jibu ndani ya siku 21. Zikipita, nitapeleka nakala ya barua hii na vipande vya bati kwa mamlaka ya viwango na kwa chombo cha kuwatetea walaji. Chasisi imeshachomelewa na kukaguliwa, vizingiti vipya vimewekwa, na wiki ijayo naanza kusugua madigadi upya hadi bati jeupe. Makopo mengine mawili, mbali na yale 6 yaliyoisha, ambayo sijayafungua nitayarudisha pamoja na fomu ya madai.

Wasalaam,

Mteja wenu
(jina, anwani na namba ya risiti zimo kwenye fomu iliyoambatanishwa)