Mita 20 kwa 20 hazitoshi choo na kisima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa madiwani wetu hapa pembezoni mwa Dar es Salaam: je, kampuni inayokata shamba kuwa viwanja ilazimishwe kuleta bomba la maji na mpango wa majitaka kabla ramani yake haijapitishwa? Wapo wanaosema hapana, bei itapanda na mnyonge atabaki mpangaji maisha yake yote.

Mimi ndiye huyo mnyonge. Nilinunua kwa awamu, miezi 18. Nilioneshwa ramani ya rangi yenye barabara, shule, zahanati, soko, hata msikiti na kanisa. Mawe ya mipaka yamesimama, namba zimeandikwa. Habari za bomba sikuuliza, na aliyeniuzia hakunikumbusha.

Kiwanja changu ni mita 20 kwa 20, kama vya wenzangu wengi. Mabwana afya hutuambia kisima kikae mita 30 kutoka shimo la choo. Hebu chukueni kalamu: kona hadi kona ya kiwanja hicho ni mita 28 na kidogo. Yaani nikichimba choo kona hii na kisima kona ile, bado nimekosea. Na jirani naye ana kona zake. Shimo lake limeangukia hatua tisa kutoka kisimani kwangu. Simlaumu, hana pengine pa kuliweka. Masika yakishika, maji ya ardhini yanapanda, choo kinajaa, gari la majitaka linakwama kwenye tope kabla halijafika getini, na kisima kinaanza kunuka. Hapo ndipo tunawapigia wenye maboza ya maji.

Sasa hiyo bei nafuu iko wapi? Nimelipia kisima, pampu, tangi la lita 5,000, maboza, na kunyonya choo kila mwaka. Bomba ambalo gharama yake ingegawanywa kwa viwanja vyote nimelilipia peke yangu, na bado sijalipata.

Hoja moja ya wapinzani naiheshimu: masharti yakizidi, watu watakwenda kununua kwa kuandikiana mbele ya mjumbe wa mtaa, bila ramani wala kipimo. Sehemu kubwa ya jiji hili ilijengwa hivyo. Ndiyo maana sisemi mzee anayewagawia wanawe nusu ekari adaiwe bomba. Nasema anayekata ekari 20 kwa biashara. Huyo aje mbele ya kamati ya mipango miji na barua ya mamlaka ya maji inayoeleza bomba litatoka wapi na lini, kisha atenge viwanja viwili upande wa bondeni kwa mtambo mdogo wa majitaka, na visiuzwe. (Penye shule katika ramani yetu leo pana fremu za maduka, kwa hiyo hilo “visiuzwe” liandikwe kwa wino mzito.) Mabomba yazikwe barabara zikiwa bado tupu. Watu wakishajenga kuta na vibaraza, kila mita inakuwa fidia na kesi.

Shamba linalopakana nasi limeshafyekwa. Wiki iliyopita niliwakuta mafundi wakimimina zege la mawe ya mipaka. Nikahesabu hatua kutoka jiwe hadi jiwe: ni 20 kwa 20.

Mkazi wa pembezoni,
Dar es Salaam