Mhariri, tusiyapite tu magofu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Sisi wapenda safari ndefu za gari tunawaza kufika tu, afu pembeni ya barabara kuna stesheni ya reli imekufa, ukutani pameandikwa mwaka, na hakuna anayeshuka kuuliza. Mfano Kolmanskop, mji uliohamwa kule Namibia, almasi ilionekana 1908, watu wakajenga hospitali, ukumbi wa dansi, hadi kiwanda cha barafu jangwani, kufikia 1956 wote wameshahama na saizi mchanga umejaa vyumbani. Hiyo ni historia unaishika kwa mkono kabisa! Ila jamani tuombe ruhusa kwanza, sakafu za zamani zinabomoka, na msiondoke na hata msumari. Mkikuta mzee anaishi jirani, kaeni mumsikilize, yeye ndo anajua nani alikaa nyumba ipi.