Risala ya Chama cha Midahalo kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kumkumbuka Profesa Ali Mazrui

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi mliofika na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Karibu Mombasa, Daktari. Tumeahidi risala hii haitakuwa ndefu kama ile ya mwaka jana, ambayo mgeni aliisikiliza hadi kivuli cha mwembe kikamhama.

Sisi ni wanachama 38, na hukutana kila Alhamisi baada ya masomo. Kwa kuwa wewe unasomesha uhusiano wa kimataifa, mwaka huu tuliamua kumsoma msomi mmoja wa fani hiyo badala ya kurukia mada huku na huku. Hatukuhitaji kutafuta mbali. Profesa Ali Al'amin Mazrui alizaliwa hapa Mombasa tarehe 24 Februari 1933. Alifariki Marekani Oktoba 2014, akaletwa kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus. Baadhi yetu tumepita pale miaka yote tukienda Mji wa Kale, wala hatukujua ni nani amelala pale.

Mgeni wetu wa heshima, kilichotushangaza kuliko vyeo vyake vyote ni cheti chake cha shule. Huyu alikuwa mtoto wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya na mwanachuoni aliyechapisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Babake alitamani aende Al-Azhar, chuo cha Kiislamu kule Misri, lakini akafariki 1947, Ali akiwa na miaka 14. Mtihani wa Cambridge ulipokuja, alipata daraja la tatu. Chuo cha Makerere kule Uganda, ambako ndiko vijana wa Afrika Mashariki walikokuwa wakielekeza macho, hakupata nafasi.

Akaajiriwa kazi ya ukarani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kule Tudor. Baadaye akawa msimamizi wa mabweni. Hapo ndipo alipopewa nafasi ya kuhutubia siku ya Maulidi, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo Philip Mitchell, Gavana wa koloni la Kenya. Gavana alivutiwa na kijana huyu, na hotuba ile ikamfungulia njia ya kupata ufadhili wa kwenda Uingereza. Tunaomba Mwalimu Mkuu atusamehe tukiirudia sentensi hiyo kwa sauti: ilikuwa hotuba.

Alianzia Huddersfield kukamilisha masomo ya sekondari aliyokuwa amekwama. Shahada ya kwanza aliipata Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia mjini New York mwaka 1961, na ya udaktari Oxford mwaka 1966. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1963, alianza kufundisha katika chuo kilekile cha Makerere, akawa profesa na mkuu wa idara ya sayansi ya siasa. Mwanachama wetu mmoja wa Kidato cha Pili aliposikia hayo aliuliza kama waliomnyima nafasi walikuwa bado kazini. Hatukuwa na jibu.

Mwaka 1967 peke yake alitoa vitabu vitatu. Kimoja ndicho kilichotukalisha Alhamisi nne mfululizo, kile cha Pax Africana, yaani amani ya Kiafrika. Swali lake ni hili: wakoloni wakishaondoka, nani atalinda amani ya Afrika? Halikuwa swali la darasani tu. Januari 1964 wanajeshi waliasi Tanganyika, Uganda na Kenya, na serikali zote tatu, zilizokuwa changa kabisa katika uhuru, zikawaita wanajeshi wa Uingereza kuzima maasi. Tanganyika baadaye ikaleta kikosi cha Nigeria kishike nafasi yao. Mazrui alitaka Waafrika wenyewe wawe walinzi wa amani yao. Tulilifanya hilo hoja ya mdahalo, na upande wa upinzani ulituuliza: je, jirani anayekuja kukuzimia moto akikataa kutoka nyumbani kwako? Walishinda kwa kura tatu.

Hakuwa mtu wa kukubaliana na kila mtu, na hilo tunalipenda. Alimkosoa Nkrumah, kiongozi wa Ghana aliyepinduliwa, wakati wengi walikuwa bado wanamlilia. Aliwatania wasomi wa Magharibi waliopumbazwa na mahaba ya Tanzania ya Nyerere. Katika mihadhara yake ya BBC mwaka 1979 alitetea Afrika kuwa na silaha za nyuklia, ili wakubwa washtuke na kuachana na zao. Hapo, kwa heshima zote, chama kizima kilimpinga.

Uganda ya Idi Amin haikumwachia nafasi ya kusema, akaondoka 1973. Akafundisha Marekani, katika vyuo vikuu vya Michigan, kisha Binghamton hadi mwisho. Mwaka 1986 alitoa filamu ya televisheni ya sehemu tisa kuhusu Afrika kama mrithi wa vitu vitatu: mila zake, Uislamu na Magharibi. Mfuko wa serikali ya Marekani uliokuwa umechangia fedha ulikasirika, ukataka jina la mfuko huo liondolewe kwenye filamu. Sisi tuliosoma chuoni, yaani madrasa, asubuhi, shuleni mchana, na bado nyumbani tukaambiwa tusipige mluzi usiku, urithi huo hatukuhitaji kufafanuliwa.

Mgeni wetu wa heshima, tuna maombi mawili. La kwanza ni vitabu. Maktaba yetu haina hata kimoja cha Mazrui. Tulichosoma ni nakala za mwalimu wetu wa Historia, na kurasa nyingine zimefifia. La pili ni gumu zaidi. Muhula ujao saa yetu ya Alhamisi imepangiwa masomo ya ziada ya mitihani ya majaribio. Hatupingi mitihani. Tunakuomba utuombee kwa Mwalimu Mkuu, naye yupo hapa anatusikia, tubakishiwe nusu saa.

Mezani kuna kaimati na kahawa ya tangawizi. Tunakuomba ule kabla ya kutujibu.

Ni sisi, wanachama wa Chama cha Midahalo.