Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Seba ya Wanaume jijini Paris na Uamuzi Wetu Kuhusu Waamuzi

Waheshimiwa wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha mchezo wa vitara, yaani wa kupigana kwa panga nyembamba, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2024. Kwa kuwa taarifa za Katibu na Mweka Hazina mmekwisha kuzipokea, sitarudia hesabu za ada wala ratiba ya mazoezi, bali nitaeleza kwa kirefu jambo moja ambalo limezua mvutano mkubwa kuliko mengine yote, ndani ya kamati na nje yake: uamuzi wa kutumia sehemu kubwa ya fedha zetu kuwafundisha waamuzi, ilhali barakoa zetu za waya zimechakaa na vijana wanapokezana koti moja la umeme, lile linalowezesha mashine kutambua pigo, hadi jasho la huyu linamwingia yule. Wazo hilo lilizaliwa usiku wa Jumamosi, tarehe 27 Julai, tulipokusanyika hapa Nairobi kutazama fainali ya wanaume ya seba, mojawapo ya silaha tatu za mchezo wetu, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, na sioni namna ya kulitetea bila kurudi kwenye mashindano yale.

Wengi wetu tulikuja siku ile kwa ajili ya mwenzetu Alexandra Ndolo, Mkenya wa kwanza kushiriki mchezo huu katika Olimpiki, ambaye katika epe, silaha nyingine ya mchezo huu, upande wa wanawake, alitolewa na Olena Kryvytska wa Ukraine kwa tofauti ya pointi moja tu. Baada ya hapo baadhi ya wanachama waliondoka wakiwa wamenuna. Waliobaki waliona, chini ya paa lile la vioo la Grand Palais, jengo lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1900, siku ambayo seba ya wanaume ilipinduliwa juu chini.

Kwanza alianguka Áron Szilágyi wa Hungaria, bingwa wa Olimpiki za London, Rio na Tokyo, ambaye hakuna aliyemtarajia kutoka mapema hivyo. Alishindwa katika pambano lake la kwanza na Fares Arfa wa Kanada, pointi 15 kwa 8. Wanachama wapya wafahamu uzito wa jambo hilo. Kuanzia mwaka 1924 hadi 1964 kila bingwa wa Olimpiki wa seba ya mtu mmoja mmoja kwa wanaume alikuwa Mhungaria, na Szilágyi ndiye aliyeirudisha heshima hiyo nyumbani kwao mara tatu mfululizo. Kisha, katika wanne wa nusu fainali, wawili walikuwa Waafrika: Fares Ferjani wa Tunisia na Ziad Elsissy wa Misri, nao wakapangwa kukutana. Ferjani akapita. Upande wa pili Oh Sang-uk wa Korea Kusini, mwenye urefu wa sentimita 192, alimshinda Luigi Samele wa Italia pointi 15 kwa 5, pambano lililokwisha kabla chai haijapoa.

Katika fainali Oh aliongoza hadi 14 kwa 8, akibakiwa na pointi moja tu ya dhahabu. Hapo Ferjani alipata pointi tatu mfululizo, na chumba chetu kikasimama chote, kabla Oh hajamaliza kwa 15 kwa 11. Elsissy alikosa shaba, iliyokwenda kwa Samele. Afrika ilikuwa imewahi kupata medali katika foili, silaha ya tatu: fedha ya Alaaeldin Abouelkassem wa Misri mwaka 2012 na shaba ya Ines Boubakri wa Tunisia mwaka 2016, lakini medali ya Ferjani ndiyo ya kwanza ya bara letu katika seba. Na kesho yake Mohamed Elsayed wa Misri akaongeza shaba ya epe. Kuna tukio dogo ambalo vijana wetu bado wanaliiga mazoezini: Ferjani alipoteleza akaanguka, na Oh akamnyoshea mkono kumwinua. Ninaliruhusu, ingawa nashuku kwamba wengine siku hizi huanguka makusudi.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe. Katika chumba kile, kwa takriban kila pointi, taa zote mbili za mashine inayoonyesha nani amepiga ziliwaka, ya kijani na nyekundu pamoja, na watu wakageukiana kuulizana nani amepata. Hilo ndilo jambo linaloitofautisha seba na epe. Mchezaji wa seba anaweza kupata pointi kwa makali au kwa ncha, popote juu ya kiuno, mikono (isipokuwa viganja) na kichwa vikiwemo, na wapinzani wanaanza wakiwa na umbali wa mita nne tu kati yao. Kwa hiyo wote wawili wanafikiana kufumba na kufumbua. Mashine humnyima taa yule tu aliyechelewa zaidi ya milisekunde 170 hivi baada ya mwenzake. Wakiwa ndani ya muda huo, mashine inanyamaza na mwamuzi ndiye anayesema shambulio lilikuwa la nani. Kama wote walishambulia kwa pamoja, hakuna pointi. Kwa maneno mengine, unaweza kununua vitara vya bei yoyote na mashine mpya kabisa, na bado usiwe na mchezo wa seba kama huna mtu wa kuusoma.

Nililiona hilo kwa aibu yangu mwenyewe. Katika mashindano yetu ya ndani ya mwezi Mei, kwa kukosa mtu, nilisimama mimi kuamua pambano la vijana wawili wakiwa 14 kwa 14. Nilitamka “Prêts? Allez!”, yaani “Mko tayari? Anzeni!” kwa Kifaransa, kwa sauti ya kujiamini kabisa. Wa kushoto alitoka mbio, mkono wake umekunjwa, kitara kimeinuliwa karibu na sikio. Wa kulia alipiga hatua moja fupi, akaunyoosha mkono akitishia kifua cha mwenzake, kisha akafuatisha mguu. Taa mbili. Nikampa ushindi wa kushoto kwa sababu ndiye niliyemwona akikimbia. Mzazi mmoja alikuwa amepiga video, na usiku tulipoitazama polepole ilikuwa wazi kwamba nilikuwa nimemtunuku mtu aliyekuwa bado anajiandaa, nikamnyima aliyekwisha kuanza shambulio. Nilimwomba kijana yule radhi mbele ya wenzake, na leo naiandika hapa ili iingie katika kumbukumbu za chama. Paris mchezaji asiyeridhika huchora mstatili hewani kwa vidole, na mwamuzi huenda kuitazama picha tena. Sisi hatuna kifaa hicho, kwa hiyo jicho la kwanza ndilo la mwisho.

Walioupinga uamuzi wa kamati walisema kwamba mwamuzi haleti medali, na kwamba fedha hizo zingempa kila kijana koti lake. Nawaheshimu, na kuhusu makoti wana haki. Hata hivyo, kijana anayepewa pointi za kimakosa kwa miezi kumi na miwili anajifunza kosa kwa miezi kumi na miwili. Anazoea kukimbia na mkono uliokunjwa kwa sababu hapa nyumbani unalipa, na siku atakapokutana na mwamuzi wa kimataifa atapoteza pointi tano kabla ya kuelewa kinachomsibu. Ukimtazama Ferjani tena, utaona kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kurudi nyuma, kumvuta mpinzani atoe mkono bure, kisha kuichukua zamu ya kushambulia. Huwezi kumfundisha mtu kuchukua zamu ikiwa anayeamua zamu haijui.

Mashindano ya timu ya tarehe 31 Julai yaliongeza uzito upande wetu, japo kwa njia ambayo sikuitarajia. Korea Kusini iliifunga Hungaria 45 kwa 41 na kutwaa dhahabu ya tatu mfululizo, baada ya zile za London na Tokyo, kwani Rio timu za seba za wanaume hazikuwepo katika ratiba. Ikiongoza 30 kwa 29 tu, ilimwingiza mchezaji wa akiba, Do Gyeong-dong, ambaye alikuwa hajacheza hata zamu moja, naye akapata pointi tano bila kufungwa. Mtu anayeketi benchi siku nzima na kuinuka akiwa tayari hivyo alikuwa akiusoma mchezo muda wote. Ndiyo sababu kamati imeagiza kwamba kijana asiyecheza katika zamu yake asishike simu, bali asimame pembeni ya ulingo na kutamka uamuzi wake kwa sauti kabla mwamuzi hajatamka. Wiki za kwanza zilikuwa za kelele na ubishi. Kufikia Novemba vijana wadogo walikuwa wakinisahihisha mimi, na mara nyingi walikuwa sahihi.

Wanachama wanne wamemaliza mafunzo ya awali ya uamuzi, wawili wao wakiwa wanawake waliokuwa hawajawahi kuvaa barakoa. Makoti mawili ya umeme yameagizwa, nayo yatafika kabla ya Pasaka iwapo ada za robo ya kwanza zitalipwa kwa wakati. Katika mkutano mkuu nitawaomba mpige kura juu ya pendekezo kwamba mwanachama yeyote aliyetimiza miaka 16 asiingie mashindano ya ndani mpaka awe ameamua mapambano yasiyopungua sita chini ya uangalizi. Mimi mwenyewe nimekwisha kuamua manne; mawili yaliyobaki nitayaamua Jumamosi ijayo, na yule kijana wa kulia amekubali kuniangalia.

Mwenyekiti